Mto Mara ukibadilika rangi: nani anapima maji, na anapima saa ngapi?

#1 Mvuvi wa Kinesi

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa msomaji tu kwa miaka, leo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ni mvuvi na mtoto wa mvuvi, upande wa Kinesi tunakotazamana na Musoma mjini. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea pale darajani Kirumi. Selemani Jafo, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, akaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jibu lililotoka: kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza kwenye mafunjo. Mitandaoni watu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka, nyavu zangu zilikuwa zimeanikwa na watoto wanataka kula.

Sikuleta uzi huu tumtafute wa kulaumiwa. Nauliza hivi: kamati ilikwenda baada ya samaki kufa. Wiki moja kabla, nani alikuwa na namba za maji yale? Mwezi mmoja kabla je? Daktari akiletewa maiti atasema mengi, lakini kama hakuwahi kumpima mtu yule akiwa hai atakisia tu. Msimamo wangu ni kwamba hatujui kilichoua samaki wale, na kikitokea tena mwakani hatutajua vilevile.

Wajuzi wa maji njooni.

#2 Ngurumo

Ngoja waje. Nimeweka kambi hapa.

#3 Mfugaji Halisi

Mkuu umegusa donda. Babu yangu alinyweshea ng'ombe mto huo, baba akanyweshea, na mimi nanyweshea. Ng'ombe hawakuanza kunya mwaka 2022. Kwa nini samaki wasife mwaka 1990? Sisi wafugaji ndio mzigo mwepesi wa kubebesha kila lawama kwa sababu hatuna wanasheria. Nendeni mkaangalie migodini.

#4 Chupa ya Sampuli

Nimefanya kazi maabara ya maji miaka 14, sasa nimestaafu, kwa hiyo naweza kusema bila kuangalia nyuma.

Mleta mada umeuliza swali ambalo sisi wa maabara tulilia nalo kila mwaka. Kwenye ofisi niliyokuwa mimi, vituo vya mtoni tulivitembelea mara moja kwa robo mwaka, gari likiwepo na mafuta yakiwepo. Mara nne kwa mwaka. Mto unaobadilika kwa saa moja unapimwa mara nne kwa mwaka, na mara zote nne ni mchana, kwa sababu gari linatoka mjini saa mbili asubuhi na linafika mtoni saa tano.

Sasa sikilizeni jambo la oksijeni. Samaki anapumua hewa iliyoyeyuka majini. Mchana mimea ya majini na mwani vinatengeneza oksijeni kwa jua, kwa hiyo kipimo kinapanda. Usiku jua halipo, lakini kila kiumbe na kila kinachooza kinaendelea kuivuta. Kipimo cha chini kabisa kinapatikana alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukienda saa tano unakuta maji yameshapata nafuu, unaandika "hali ni nzuri", unarudi mjini. Samaki walikufa saa kumi na moja.

Na kuna hili lingine. Niliwahi kuletewa chupa imekaa kwenye buti la gari siku mbili, haina barafu, mleta anataka tupime oksijeni. Oksijeni inapimwa palepale mtoni kwa mita, au unatia dawa zake palepale ili isibadilike ndipo uilete maabara. Chupa ya siku mbili inakupa oksijeni ya buti la gari. Nilimweleza, akakasirika, akasema andika chochote. Sikuandika.

#5 Binti Rorya

#4 Mungu akuweke mzee wangu. "Oksijeni ya buti la gari" nimeielewa mimi ambaye sayansi niliiacha kidato cha pili.

#6 Mwanahaidro

Niongezee picha ya bonde lenyewe, maana naona wengi wanazungumzia Kirumi kana kwamba mto unaanzia hapo.

Mara una urefu wa kilomita 395 hivi. Unaanzia Narok, unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, unatoka kwenda Mara Mine, halafu unaingia kwenye mafunjo makubwa kabla ya kufika Kirumi na ziwani. Bonde lake lina kilomita za mraba zaidi ya 13,000 na karibu theluthi mbili ziko Kenya. Kwa hiyo maji tunayoyaona Kirumi yamepita kwenye mashamba ya chai, mashamba ya ngano, miji, hoteli za kitalii, viboko, nyumbu, ng'ombe, wachimbaji wadogo, mgodi mkubwa na mafunjo. Ukipima Kirumi peke yake umepima supu. Chumvi umeisikia, nani aliitia hujui.

Ndiyo maana vituo vinapaswa kuwa vingi na kupangwa: kimoja juu ya kila mkono unaoingia, kimoja chini yake. Tofauti ya juu na chini ndiyo inayosema.

#7 Nyangores254

Salamu kutoka Bomet. Mwanahaidro, nakurekebisha kidogo. Mto hauanzii Narok hivyo ulivyosema. Chanzo ni msitu wa Mau, kwenye kinamasi cha Enapuiyapui, kaunti ya Nakuru. Kutoka huko tuna mikono miwili, Amala na Nyangores, na ikishakutana ndipo unaitwa Mara. Nyangores inapita hapa mjini kwetu, naiona nikiwa kazini.

Na niseme jambo moja kwa upendo kwa ndugu zangu wa Tanzania. Kila kukitokea shida huko chini mnatutazama sisi wa juu. Mwaka huo 2022 sisi huku hatukuona maji meusi wala samaki wa kuelea. Kama uchafu ungetoka kwetu, ungeanza kutuua sisi.

#8 Mwanahaidro

Asante kwa sahihisho la Enapuiyapui, nimelipokea.

La pili silikubali lote. Uchafu unaweza kutoka juu bila kuua juu. Mbolea ya shambani haiui samaki Bomet, maji huko yanakimbia kwenye mawe na yanajipatia hewa. Inateremka hadi maji yanapotulia, inalisha mimea na mwani, hivyo vinakufa na kuoza, na kuoza ndiko kunakomaliza oksijeni. Aliyetenda yuko kilomita 200 juu, maiti iko chini.

Tope la Mau ni hivyohivyo. Msitu ulipofyekwa, udongo ulishuka. Ukitaka kujua ulikwenda wapi, waulize wazee wa Kirumi mafunjo yalikuwa yanaishia wapi zamani.

#9 Nyangores254

Hapo kwa Mau siwezi kubisha. Naomba tu ieleweke pia kuwa kuna wakulima huku wanaacha ukanda wa nyasi kando ya mto bila kulipwa na mtu. Msituweke sote kikapu kimoja.

#10 Mwalimu wa Kemia

Mfugaji Halisi #3, hoja yako si ya kutupa. Ng'ombe walikuwepo. Lakini swali liwe hili: kiangazi kilikuwa kirefu kiasi gani, kinyesi kilirundikana kiasi gani kando ya maji, na mvua ya kwanza ilikuja vipi? Mvua ikinyesha kidogokidogo, mto unakula kile kinyesi polepole. Ikija kubwa ghafla baada ya miezi mikavu, inazoa vyote kwa usiku mmoja. Kinyesi kilekile, ng'ombe walewale, matokeo tofauti.

Na mfano wa jambo hili upo ndani ya Mto Mara wenyewe, tena umepimwa. Watafiti Christopher Dutton, Amanda Subalusky, Emma Rosi, David Post na wenzao waliweka mita za oksijeni upande wa Kenya miaka mitatu mfululizo. Kule kuna viboko zaidi ya 4,000. Usiku wanakula nyasi nchi kavu, mchana wanarudi kunya majini, na kila siku wanatia mtoni kilo 8,500 hivi za nyasi zilizosagwa, hizo zikihesabiwa zikiwa kavu. Kiangazi mabwawa yao yanabaki bila oksijeni chini. Mvua ikija inayasukuma yote kwenda chini. Katika miaka mitatu walikuta mafuriko 49 yaliyoshusha oksijeni, na 13 kati ya hayo yaliishusha hadi kiwango cha kuua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Samaki walikufa bila mgodi na bila ng'ombe hata mmoja. Na hayo yalijulikana kwa sababu mita ilikuwa ndani ya maji usiku, hakuna aliyekwenda na chupa asubuhi.

#11 Ngurumo

Kumbe viboko ndio wachafuzi, na tumewalipia watalii waje kuwapiga picha 😂

#12 Mwalimu wa Kemia

Usiwaonee. Mto bila viboko na nyumbu ungekuwa na njaa. Watafiti haohao walihesabu nyumbu wanaozama wakivuka, wastani wa 6,250 kwa mwaka, tani 1,100 za nyama na mifupa. Nyama inaoza kwa wiki chache, mifupa inachukua hadi miaka saba kuyeyuka na inatoa fosforasi polepole muda wote huo. Samaki, mamba na tai wote wanaishi kwa karamu hiyo. Ugumu unakuja mto unapokosa maji ya kutosha ya kuubeba mzigo ule.

#13 Mfugaji Halisi

Kwa hiyo mmehama kwa ng'ombe mkaenda kwa viboko. Mgodi mnauruka kama moto. Mto Tigithe unaingia Mara, na Tigithe unatoka wapi? Mwaka 2009 watu walilalamika maji ya mgodi yamevujia Tigithe, mwaka 2019 NEMC wenyewe, baraza la mazingira la serikali, wakautoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu. Hayo yametangazwa na serikali, sijayatunga kijiweni.

#14 Zebaki

Naunga mkono, lakini tusisahau wachimbaji wadogo. Mimi nilichenjua dhahabu miaka sita kabla sijaacha. Zebaki tuliishika kwa mikono mitupu, tunaichoma kwenye bati karibu na nyumba, maji ya kuoshea yanakwenda kijitoni. Hakuna aliyetufundisha. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa anacheza palepale. Mpaka leo nikikumbuka moyo unaniuma.

#15 Chupa ya Sampuli

Zebaki, pole sana, na asante kwa kusema ukweli wako. Mpeleke mtoto akapimwe, usikae na wasiwasi moyoni.

Sasa tutenganishe sumu, maana kila moja inaua kwa namna yake na inatafutwa kwa namna yake.

Zebaki haiui samaki wengi kwa usiku mmoja. Inaingia matopeni, vijidudu vinaigeuza, inapanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo hadi sangara hadi sahani yako. Ukiitafuta kwenye maji utasema hakuna kitu. Itafute kwenye tope na kwenye nyama ya samaki. Mipaka mingi ya dunia ni nusu miligramu kwa kilo ya samaki, na kwa samaki wanaokula wenzao inaruhusiwa hadi miligramu moja.

Sianidi ni kinyume chake. Inaua upesi, kwa kiasi kidogo mno, halafu juani inavunjika na kuruka hewani. Ukifika siku ya tano usipoikuta, usiape kwamba haikuwepo.

Tindikali inaacha alama ambayo hata mwanafunzi ataiona kwa karatasi ya pH. Angalieni Zambia, tarehe 18 Februari 2025, bwawa la topesumu la Sino-Metals lilipopasuka na kumwaga tindikali kuelekea Mto Kafue. Pale hapakuwa na mjadala wa kinyesi.

Kwa hiyo mtu akisema "tumepima, hakuna sumu", muulizeni: ulipima nini, kwenye maji au kwenye tope, siku ya ngapi, saa ngapi?

#16 Binti Rorya

Swali la mjinga jamani. Hivi aina ya samaki waliokufa haiwezi kusema kitu?

#17 Chupa ya Sampuli

Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Kamongo anapumua hewa ya juu kama wewe na mimi. Kambale naye ana kiungo cha kupumulia hewa. Sato, ningu, furu na sangara wanategemea oksijeni ya majini. Wakifa sato na sangara huku kamongo na kambale wako hai, nashuku oksijeni. Wakifa wote, kamongo pamoja nao, nashuku sumu.

Waliokuwepo Kirumi, mliona nini?

#18 Mvuvi wa Kinesi

Mimi niliona sato na sangara. Kamongo sikumwona akielea. Lakini kamongo huwa anazama matopeni, sitaapa.

#19 Jirani wa Daraja

Mimi niliambiwa na shemeji yangu kuwa kambale walikuwemo. Shemeji ni mtu wa kweli ila alikuwa na hofu siku ile, na harufu ilikuwa kali. Hakuna aliyekaa kuhesabu.

#20 Mwalimu wa Kemia

Kutomwona kamongo si ushahidi, na kambale wa shemeji naye si ushahidi. Yaani daftari moja lenye safu mbili, aina ya samaki na idadi, lingefuta nusu ya ubishi huu. Inauma.

#21 Kisumu Dala

Wadau, niruhusuni niingize ya ziwani. Novemba 2022 huku Kisumu wafugaji wa samaki kwenye vizimba walipoteza samaki wengi sana, watu waliokuwa na mikopo. Wengi walisema viwanda vimemwaga sumu. Wataalamu wa uvuvi wakasema maji ya chini ya ziwa, yasiyo na oksijeni, yalipanda juu. Upepo ukivuma vibaya ziwa linageuka kama chungu kinachokorogwa.

Je, haiwezekani Kirumi nako maji mabaya yalitoka ziwani yakarudi nyuma, badala ya kushuka kutoka juu? Pale ni mdomoni mwa mto.

#22 Mwanahaidro

Kisumu Dala umenipa kitu. Sijui kuhusu upepo, lakini kuna habari ya kina cha ziwa ambayo watu hawaitaji. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakijaonekana tangu mwaka 1964. Maji yaliingia kwenye mafunjo na majani ya nchi kavu, yakakaa humo muda mrefu. Mimea iliyofunikwa na maji inakufa, inaoza, na maji yake yanakuwa meusi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Mvua ya Machi ikiyasukuma kutoka mafunjoni, unapata maji meusi, harufu na oksijeni sifuri, bila ng'ombe, bila mgodi na bila Bomet.

#23 Mfugaji Halisi

Hii ya #22 naipenda.

#24 Ngurumo

Unaipenda kwa sababu haina ng'ombe 😂

#25 Mfugaji Halisi

Naipenda kwa sababu ina akili. Na kama ina ng'ombe ndani yake nitaipokea pia, ilimradi aje mtu na namba. Nimefiwa na ng'ombe tisa kwa ukame, nami nakunywa maji ya bonde hilihili. Msidhani sisi hatutaki mto uwe safi.

#26 Jirani wa Daraja

Je, yale mafuta? Siku ile juu ya maji kulikuwa na utando unang'aa rangi za upinde wa mvua. Watu wakasema ni dizeli.

#27 Chupa ya Sampuli

Chukua kijiti uchane ule utando. Ukivunjika vipande vipande kama kioo chembamba na vipande vikabaki vimeachana, hiyo ni kazi ya bakteria wa chuma na mimea inayooza. Ukirudi kuungana palepale kama hakuna kilichopita, hayo ni mafuta ya injini. Jaribio la sekunde tano. Kama mtu alilifanya siku ile, aseme.

#28 Jirani wa Daraja

Hakuna aliyelifanya. Tulikimbia na ndoo zetu.

#29 Mzee wa Nyavu

Mmesahau watu wabaya. Miaka ya tisini wapo waliovua kwa sumu ya mashambani. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko la samaki wa ziwa letu kwa sababu hiyo, viwanda vya minofu vikasimama, sisi tukauza sangara kwa bei ya dagaa. Mtu mmoja na chupa moja ya dawa ya pamba anaweza kuua ghuba nzima. Mimi sisemi ndivyo ilivyokuwa Kirumi. Nasema iwekwe kwenye orodha.

#30 Mwanahaidro

Iwekwe. Na dawa za kuua wadudu zinahitaji mashine ambazo maabara nyingi za mikoani hazina, sampuli lazima isafirishwe, tena kwenye chupa ya kioo. Kwa hiyo inapimwa mwisho au haipimwi kabisa.

Turudi kwa swali la #1. Nchi yetu imegawa maji katika mabonde nane, kila bonde lina bodi yake. Letu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, makao Mwanza. Kenya wana Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa mazingira tuna NEMC, wao wana NEMA. Samaki wana wizara yao, migodi ina wizara yake, hifadhi zina mamlaka zake. Kila mmoja anachota chupa yake na kuandika kwenye karatasi yake. Mto ni mmoja.

#31 Chupa ya Sampuli

Mabonde ni tisa, mkuu. Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika, Ziwa Victoria.

#32 Mwanahaidro

Tisa. Nimekubali, niliruka la Kati.

#33 Nyangores254

Na kila tarehe 15 Septemba tunaadhimisha Siku ya Mara, mwaka huku kwetu, mwaka huko kwenu. Tunapanda miti na kusikiliza hotuba. Mimi ningetaka siku hiyo watu wa nchi mbili wasimame darajani mpakani, wachote ndoo moja, wapime kwa mita mbili, wasome kwa sauti. Wakitofautiana watajua mita ya nani ina kasoro kabla hawajatofautiana kwa jambo kubwa.

#34 Mwalimu wa Kemia

Umenena. Mita zisizolinganishwa ni ugomvi unaosubiri mvua.

Nami niwape yangu. Shule ninayofundisha haina mita, ya bei nafuu tu ni mshahara wa miezi kadhaa. Kwa hiyo nawafundisha vijana kupindua mawe kijitoni. Chini ya jiwe kuna viluwiluwi vya wadudu. Wapo wasiovumilia uchafu, wenye mikia mitatu myembamba, hao ukiwakuta maji yana afya. Ukiwakosa, ukakuta funza wekundu tu, ujue oksijeni imekuwa chini kwa muda. Wekundu ule ni damu yao inayoshika oksijeni kidogo iliyopo, ndiyo maana wanabaki wenzao wakihama.

Uzuri wa mdudu ni kwamba ameishi pale wiki nyingi. Chupa inakwambia maji ya dakika ile, mdudu anakwambia maji ya mwezi mzima, usiku na mchana. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, binti mkimya sana, alikuja kuniambia, "Mwalimu, wenye mikia mitatu hawapo tena chini ya daraja, juu ya daraja wapo." Tukaenda tukakuta mtu ameanza kuoshea pikipiki pale. Alizungumza naye yeye mwenyewe, kwa heshima, na yule bwana akahamia nchi kavu.

#35 Binti Rorya

Nimelia kwa huyo binti. Mwalimu mpe salamu zangu.

#36 Kisumu Dala

Mdudu ni mzuri kwa kijito chenye mawe, Mwalimu. Pale Kirumi ni tope na mafunjo, wenye mikia mitatu hutawakuta hata maji yakiwa safi. Usije ukawatisha watu bure.

#37 Mwalimu wa Kemia

Sahihi kabisa, nilipaswa kusema. Kwa mafunjo tunahitaji mita.

#38 Chupa ya Sampuli

Mita ya oksijeni ninayo ya kwangu, ya zamani. Utando wake niliubadilisha mwaka huu. Kitu kimoja mkikumbuke mkiwa nayo: sisi tuko mita 1,130 hivi juu ya bahari. Vitabu vinasema maji ya nyuzi 25 yakishiba oksijeni yanafika miligramu 8.2 kwa lita. Hiyo ni ya pwani. Kwetu ni 7.2 hivi. Nimeona vijana wanaandika "upungufu" kumbe maji yameshiba. Chini ya 4 samaki anaanza kuhangaika, chini ya 2 wengi wanakufa.

Mvuvi wa Kinesi, nipo Musoma. Kama utaitunza nitakuazima. Lakini usipime mara moja ukaleta hapa kama habari. Sehemu ileile, kina kilekile, alfajiri na alasiri, uandike na hali ya mvua. Miezi mitatu kabla ya masika. Hapo ndipo tutakuwa na cha kubishania.

#39 Mvuvi wa Kinesi

Mzee wangu sina la kusema. Nitaitunza kama nyavu. Jumamosi nakuja kuichukua, nitakuletea ningu.

#40 Mfugaji Halisi

Mimi niko karibu na Mara Mine, huko juu ya mafunjo. Mkipata mita ya pili nitapima upande wangu. Hata ikitoka kwamba ni ng'ombe.

#41 Nyangores254

Na mimi naandika rangi ya maji na urefu wake kwenye nguzo ya daraja la Bomet kuanzia kesho. Sina mita, macho ninayo. Mvua ikinyesha Mau nitawaambia humu, mjue kinakuja nini.

#42 Zebaki

Kuna mtu anajua maabara inayopima tope kwa mtu wa kawaida, asiye na barua ya ofisi? Nataka kupima pale tulipokuwa tunaoshea.

#43 Chupa ya Sampuli

Njoo faragha, tutafute pamoja.

#44 Mvuvi wa Kinesi

Wakuu, mita ninayo mkononi tangu jana. Leo nimefika darajani Kirumi, maji yana rangi ya chai ya rangi, hayanuki, mvua haijanyesha siku nne. Naanza kusoma sasa.

#45 Chupa ya Sampuli

Umefika saa ngapi?

#46 Mvuvi wa Kinesi

Saa moja na robo. Bodaboda alichelewa.

#47 Chupa ya Sampuli

Jua limeshatoka. Andika hiyo kama ilivyo, na saa yake. Kesho uwe pale saa kumi na moja.